Karatasi Inayokiri Deni Ukiwa Kazini

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu wote habari za jioni. Asanteni kwa kuniachia hii maiki, najua siku ya mapumziko kwa wengi wetu ni moja tu na wengine mmetoka kazini moja kwa moja, kuna dada pale nyuma bado amevaa yunifomu, kwa hiyo sitazunguka. Nataka tuongelee karatasi moja. Ni karatasi ambayo ukiisaini leo, siku ukishindwa kulipa deni kuna mtu anaenda kwa karani wa mahakama anasema mimi namwakilisha mdaiwa, na kwa jina lake nakiri kwamba deni ni lake, hukumu iandikwe. Wewe saa hiyo uko zako kazini unapiga deki jengo la watu, hujaitwa, hujaulizwa, hujafungua mdomo. Ila kwenye daftari la mahakama inasomeka wewe mwenyewe ndo umekiri.

Wengine mtasema huyu anatutisha. Jamani hii ni sheria, imeandikwa, iko kwenye sheria za jimbo la Virginia, hapa hapa Marekani tunapoishi, taito ya 8.01 kuanzia kifungu cha 432. Kifungu hicho kinasema mtu anayedaiwa, au mwakilishi wake mwenye hati ya uwakilishi, ile tunaiita pawa ofu atoni, anaweza wakati wowote kuingia ofisi ya karani wa mahakama ya sakiti, ile ya kesi kubwa, na kukiri hukumu. Kesi iwe imefunguliwa au haijafunguliwa, haijalishi. Karani anaiandika hapo hapo, na ikishaandikwa inakuwa na nguvu sawa na hukumu aliyoitoa jaji kotini baada ya kusikiliza pande zote mbili.

Naomba mlishike hilo neno karani. Karani wa mahakama ya sakiti hapa Virginia anapigiwa kura na wananchi, anakaa miaka 8, ni mtu muhimu sana, anatunza hati za nyumba, leseni za ndoa, mirathi, lakini sio jaji. Kazi yake kwenye jambo hili ni kupokea karatasi na kuangalia imekaa sawa kisha aiandike. Hakuulizi ulilipa kiasi gani mpaka sasa, hakuulizi kama mzigo uliouziwa ulikuwa mbovu, wala hana mamlaka ya kukuuliza. Sasa kama mtu wa kuuliza maswali hayupo na wewe wa kujibu haupo, basi aliyepo peke yake ni yule aliyekuja na karatasi.

Niwaambie yaliyonikuta mimi, maana nisingekuwa nimesimama hapa kama yasingenikuta.

Mimi na mke wangu tulikuwa na kampuni ndogo ya usafi, sisi wawili na vijana watatu. Akatokea mzee mmoja anataka kustaafu, ana kandarasi za majengo matatu ya ofisi, akasema nakuuzia, nikapiga hesabu nikaona inalipa. Bei tukakubaliana dola 38,000, nimlipe 900 kila mwezi. Akaleta noti, yaani karatasi ya ahadi ya kulipa, kurasa nne. Mi nikasoma bei, nikasoma tarehe ya kulipa, nikasoma jina langu limeandikwa vizuri maana mara nyingi wanalikosea, nikasaini. Ukurasa wa tatu kulikuwa na maandishi meusi mazito, niliyaona, siwezi kusema sikuyaona, lakini nilidhani ni yale maneno ya kisheria yanayokuwepo kila karatasi.

Mwezi wa tisa wa kulipa, jengo moja likaondoka. Kumbe ile kandarasi aliyoniambia ina mwaka mzima mbele yake ilikuwa imeshaisha muda, wenye jengo walikuwa wanaendelea tu kwa mazoea. Nikampigia simu, akasema tutaongea. Nikampigia tena, tutaongea. Nikalipa hivyo hivyo mpaka mwezi wa 14, hapo nimeshatoa 12,600, halafu nikasimamisha. Na hapa ndo nataka mnielewe vizuri, kwa sababu nilisimamisha kwa makusudi nikiwa na akili zangu timamu, nikisema moyoni acha anipeleke kotini, nitaenda na karatasi zangu, nitamwonyesha jaji ile kandarasi iliyokwisha muda, tutaeleweshana mbele ya sheria. Nilikuwa naisubiri hiyo siku. Nilikuwa hata nimeshapanga risiti kwenye bahasha.

Hiyo siku haikuja. Jioni moja Jumanne akaja afisa wa sherifu, kijana mpole tu, akauliza jina langu, akanikabidhi karatasi, akaondoka. Mi nikajua huo ndo wito wa mahakama niliokuwa nausubiri. Nikaiweka juu ya friji nikasema wikiendi nitaitulia. Wikiendi ikapita, tulikuwa na kazi ya kung'arisha sakafu mahali. Siku ya kumi ndo rafiki yangu mmoja amekuja nyumbani, anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, nikamwambia hebu nisomee hii tarehe ya kesi ni lini. Akasoma, akarudia kusoma, akaniangalia akasema, kaka, hapa hakuna tarehe ya kesi, hii ni hukumu tayari, na inasema wewe umekiri.

Nikamwambia haiwezekani, sijaenda mahakamani. Akaniambia hukwenda wewe, alikwenda mwakilishi wako. Mwakilishi gani? Akageuza ile noti ukurasa wa tatu, akaweka kidole. Kulikuwa na jina la mtu. Mtu nisiyemjua kabisa, sijawahi kumwona hata barabarani, anafanya kazi upande wa wakili wa yule yule aliyeniuzia. Na sahihi yangu iko chini inasema namteua huyu awe mwakilishi wangu wa kukiri hukumu dhidi yangu.

Nimelala siku nyingi na hilo neno, dhidi yangu. Kwa lugha yetu mwakilishi ni mtu unayemtuma akakusemee, akitoka hapo anarudi kukupa majibu. Mshenga anakwenda kwa wakwe anaongea kwa niaba ya upande wa bwana harusi, akikubali jambo la kipuuzi huko atakuja kuulizwa nyumbani. Huyu wa kwenye noti hakuna wa kumuuliza. Amechaguliwa na mdai, analipwa na mdai, anasimama kwa jina la mdaiwa. Na sheria ya Virginia hata haisemi lazima awe wakili wa mahakama, inasema wakili au mtu mwingine, ili mradi ametajwa.

Sasa twende kwenye masharti, maana masharti yapo, na ukiyajua unaweza kujitetea.

Kwanza kuna kukiri kwa mtu mwenyewe. Unadaiwa, mmekaa mkaelewana, unakwenda mwenyewe kwa karani unakiri kwa mdomo wako na mkono wako. Hiyo sina ugomvi nayo, inapunguza gharama, na mtu mzima anayekubali deni lake ana heshima yake. Dawa ya deni kulipa, hilo sijaja kulipinga.

Ila ukikiri kupitia mwakilishi, kifungu cha 435 kina mambo yake. Hati ya uwakilishi ikiwa ni karatasi inayojitegemea, inatakiwa isainiwe na kuthibitishwa kama hati ya ardhi inavyothibitishwa, yaani mbele ya nota, yule anayeshuhudia sahihi na kupiga muhuri, au afisa mwenye mamlaka hayo. Lakini, na hapa wengi mnadanganyana, nimesikia watu wanasema kama hakuna muhuri wa nota basi karatasi haina nguvu. Si kweli kama uwakilishi umeandikwa ndani ya noti yenyewe ya deni. Ukiwa ndani ya noti hauhitaji nota kabisa. Badala yake sheria inadai vitu viwili, jina la mtu aliyeruhusiwa kukiri litajwe waziwazi, na ofisi ya karani ambako hukumu itakiriwa itajwe waziwazi. Jina na ofisi. Kwa hiyo mtu akikuta hukumu yako imekiriwa na mtu ambaye hayumo kwenye noti, au imepelekwa kwa karani wa Fairfax wakati noti imeandika Richmond, hilo ni jambo la kumwambia wakili wako dakika ya kwanza.

Halafu kuna onyo. Kifungu cha 433.1, noti yoyote iliyoandikwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 haiwezi kutumika kukiri hukumu mpaka iwe na maneno ya tahadhari kwa herufi nzito zenye ukubwa usiopungua pointi 8, kwenye uso wa karatasi. Maneno yenyewe yanasema, kwa Kiswahili changu, kwamba karatasi hii ina kipengele cha kukiri hukumu, kwamba unaachia haki muhimu ulizonazo kama mdaiwa, na kwamba mdai anaweza kupata hukumu dhidi yako bila kukutaarifu tena. Yale maandishi meusi niliyoyaruka mimi ndo hayo. Pointi 8 ni ndogo jamani, ni kama maandishi ya nyuma ya boksi la dawa, lakini ukiambiwa utafute herufi nzito utaziona.

Na hiyo karatasi ya kukiri yenyewe ina mfano wake kwenye kifungu cha 436. Nendeni mkausome, ni mfupi, mistari michache tu. Unasema nakiri kwamba ninadaiwa kihalali na fulani, kiasi kadhaa, na riba toka tarehe fulani, na gharama, pamoja na ada za wakili kama noti ilisema hivyo. Na kama noti yako ilikubali, inaongeza kwamba unaachia kinga ya mali zako, ile sheria inayomwachia mdaiwa vitu fulani visikamatwe. Kwa sahihi moja uliyoweka siku umefurahi umepata dili, umeshaachia siku yako ya kusikilizwa na umeachia na kinga. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, lakini hata kwenye matanga mwenye msiba anaambiwa.

Ikishaandikwa kwenye daftari la hukumu, inalalia ardhi na nyumba uliyonayo kwenye eneo hilo, hutauza bila deni hilo kulipwa kwanza. Mdai anaweza kuomba hela zikamatwe benki. Kwangu akaunti ya kampuni ilikuwa bado haijaguswa, Mungu alisaidia, lakini mke wangu alikuwa anaamka usiku anaangalia salio kwenye simu, saa nane, saa tisa, maana Ijumaa tuna vijana watatu wa kulipa mshahara.

Sasa sikilizeni namba tatu. Hapa ndo pa kuandika, kama una kalamu andika, kama huna andika kwenye simu. 10, 21, 60.

Kumi, hukumu ikikiriwa kwa kupitia mwakilishi, kifungu cha 438 kinamtaka karani ndani ya siku 10 aanze kuhakikisha nakala ya ile hukumu inapelekwa kwako, na iambatane na maelezo kwamba una haki ya kuipinga. Ukiwa unaishi nje ya jimbo inaweza kuja kwa posta ya rejista.

Ishirini na moja ndo siku zako. Zinahesabiwa toka umepewa taarifa kwamba hukumu imeandikwa. Ndani ya siku hizo unapeleka maombi mahakamani, na safari hii unakwenda kwa jaji kabisa, unaomba hukumu iondolewe au ipunguzwe. Na sababu unazoruhusiwa kutoa ni zile zile ambazo ungezitoa kama ungeshtakiwa kesi ya kawaida, kwamba nililipa, kwamba mzigo haukuwa kama tulivyopatana, kwamba na mimi namdai huyu kiasi fulani kikatwe humo. Yaani ile siku yangu niliyokuwa naisubiri na bahasha ya risiti, sheria ilikuwa imeiweka hapa nyuma ya hukumu, ila ilikuwa na mlango unaofungwa baada ya siku 21, na mimi nilikuwa nimeziacha kumi juu ya friji.

Sitini, kama nakala haikukabidhiwa kwa mdaiwa ndani ya siku 60 toka hukumu iandikwe, hukumu hiyo ni batili kwa mdaiwa yule ambaye hakukabidhiwa. Angalieni hayo maneno, kwa mdaiwa yule. Kama mmesaini wawili, mume na mke, au wewe na mshirika wako, mmoja akapewa mwingine hakupewa, kila mmoja anaangaliwa kivyake. Kuna mama mmoja nilimsaidia kutafsiri karatasi zake, yeye na mdogo wake walisaini pamoja noti ya kununua vifaa vya jiko la biashara, mdogo mtu alikabidhiwa vizuri, yeye alikuwa amehama, karatasi zikaenda anwani ya zamani zikagonga mwamba. Alikuwa ameshaanza kuuza gari lake alipe. Nikamwambia mama, kabla hujauza kitu tafuta wakili akuangalizie lini na wapi ulikabidhiwa, maana hayo ndo maswali ya kwanza.

Ndo maana nawaomba, karatasi yoyote ya sherifu au ya mahakama ikiingia nyumbani, chukua kalamu uandike juu yake tarehe, saa, nani alipokea, alipewa mkononi au imebandikwa mlangoni. Usimwachie mtoto aiweke kwenye begi la shule. Na ukihama, badilisha anwani kwa mtu unayemdai na anayekudai, najua unayemkimbia hutaki ajue unapoishi lakini kwenye hili kujificha kunakuumiza mwenyewe.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kijana mmoja aliniuliza wiki iliyopita, hivi nchi yenye katiba inayosema mtu asinyang'anywe mali bila utaratibu wa haki inaruhusuje kitu kama hiki. Swali zuri sana na limeshafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Kitu chenyewe ni cha kale, kimetoka Uingereza na sheria zao za zamani, mawakili wakakipa jina la Kilatini, kognoviti, maana yake amekiri. Mwaka 1972, tarehe 24 Februari, mahakama iliamua kesi ya kampuni ya Overmyer na kampuni ya Frick. Overmyer walikuwa watu wa maghala, Frick waliwafungia mitambo ya ubaridi kwenye ghala la Toledo, Ohio. Malipo yakasuasua, wakakaa mezani upya, Overmyer wakapewa muda zaidi na riba ikashushwa, na kwenye noti mpya wakasaini kipengele cha kukiri hukumu. Baadaye waliposimamisha malipo wakisema mitambo ina kasoro, wakili wasiyemjua akaenda kukiri kwa jina lao. Mnaona inavyofanana?

Mahakama ikasema haki ya kuitwa na kusikilizwa ni yako, na kitu kikiwa chako unaweza kukiachia ukiwa unajua unachofanya. Overmyer walikuwa kampuni, walikuwa na mawakili wao wakati wanasaini, na walipata kitu badala yake, kwa hiyo wamefungwa na sahihi yao. Lakini Jaji Blackmun aliyeandika uamuzi huo hakuishia hapo, akasema mambo yanaweza kuwa tofauti pale ambapo mkataba umelazimishwa na upande wenye nguvu, pande mbili haziko sawa, na mdaiwa hakupata chochote kwa kukubali kipengele hicho. Siku hiyo hiyo wakatoa uamuzi wa kesi nyingine ya Pennsylvania, Swarb na Lennox, ambapo mahakama ya chini ilikuwa imewakinga wadaiwa wenye kipato chini ya dola 10,000 kwa mwaka kwa sababu haikuonekana kwamba walielewa walichoachia, na Mahakama Kuu ikauacha uamuzi huo usimame.

Mi nikisoma hiyo ya Overmyer nakubaliana na jaji kwa makampuni makubwa. Watu wenye mawakili pande zote mbili, wamevutana, mmoja kapata riba nafuu mwingine kapata uhakika wa hela yake, sawa, ni biashara. Mkopeshaji naye ana haki, kuna wadaiwa wanacheza na mahakama miaka mitatu huku wanaficha mali. Ninachokataa ni ile kuchukua karatasi ya wakubwa hao unaileta kwa mtu mwenye mashine mbili za kusugua sakafu, unamwambia saini hapa na hapa, na yeye hajui hata kwamba hapo kuna kitu cha kuombea bei.

Na sheria yenyewe inalijua hilo, kwa sababu toka tarehe 1 Machi 1985 kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inamkataza mkopeshaji au muuzaji kumsainisha mlaji wa kawaida kipengele hiki. Kama umekopa kwa ajili ya matumizi yako, familia yako, mahitaji ya nyumbani, kochi, matibabu, shule, hiyo kitu haitakiwi kuwemo. Kinga hiyo haimgusi aliyekopa kwa ajili ya biashara. Na hapo ndo tulipo karibu wote humu ndani, wenye malori, wenye deikea za kulea watoto, wenye usafi, wenye kuangalia wazee majumbani. Wewe unajiona mtu wa kawaida, lakini siku umesajili kampuni na ukasaini kama mwenye kampuni, karatasi zinakuona mfanyabiashara sawa na Overmyer.

Majimbo mengine nitayapitia haraka. Ohio nao wana onyo lao la lazima karibu na sahihi, na limeandikwa kwa uwazi kuliko letu, linasema wazi kwamba nguvu za mahakama zitatumika kukusanya deni hata kama una madai kuhusu bidhaa mbovu. Pennsylvania wanaruhusu kwenye biashara na wanatoa siku 30 za kupinga baada ya kukabidhiwa taarifa. Florida hati ya kukiri iliyosainiwa kabla ya kesi kufunguliwa ni batili. California wamefunga mlango kuanzia Januari 2023. New York mwaka 2019 walizuia kutumia makarani wao dhidi ya wadaiwa wasioishi jimbo hilo, maana wakopeshaji wa pesa za haraka walikuwa wanawasainisha wenye maduka wa nchi nzima halafu hukumu zinaandikwa New York. Kwa hiyo mtu akikuletea noti angalia imetaja jimbo gani, usidhani kwa sababu unaishi Virginia basi ni ya Virginia.

Kwenye kusaini sasa. Omba noti siku moja kabla, akikataa hilo peke yake ni jibu. Tafuta herufi nzito. Tafuta neno la kukiri hukumu, na tafuta jina la mtu yeyote aliyetajwa kama mwakilishi wako, ukilikuta uliza huyu ni nani na kwa nini anisemee. Unaweza kuomba kitolewe, watu wanaogopa kuomba lakini mi nimeshaona kinatolewa kwa kalamu tu, pande zote zinaweka herufi za majina pembeni. Wakikataa, omba basi uandikiwe kwamba utapewa barua na siku kadhaa za kurekebisha kabla mtu hajakimbilia kwa karani. Na hela unayolipa, lipa kwa njia inayoacha alama, kwa jina la mwenye noti, sio kwa mtoto wake.

Hilo la mtoto wake nalisema kwa uchungu. Hukumu yangu ilikuwa imeandikwa dola 30,800, bado riba na ada za wakili. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimebakiza 25,400. Tofauti ni miezi 6, ambayo yule mzee aliniambia nitume kwenye akaunti ya mwanae kwa sababu yake ina matatizo, nikatuma, 900 mara sita, na kwenye hesabu zao haimo hata senti. Tulikaa na mke wangu mezani mpaka alfajiri tunarudisha simu ya zamani ipate chaji tutafute zile meseji za "imefika asante". Tulizipata zote isipokuwa moja.

Siku ya 18 wakili wetu akapeleka maombi. Tulikuja kusimama mbele ya jaji kama wiki tano baadaye, nikiwa na meseji zimechapwa na nakala ya kandarasi iliyoisha muda. Jaji alimuuliza wakili wa upande wa pili swali moja, kama mteja wake anakana kwamba mwanae alipokea hizo hela. Yule wakili akasema anahitaji kuwasiliana na mteja. Hukumu ikaondolewa, na kama kifungu cha 433 kinavyosema, kesi ikawekwa kwenye orodha ya kusikilizwa kama kesi ya kawaida iliyofunguliwa kwa noti ile. Haikufika kusikilizwa. Tulielewana nilipe 17,000 kwa miezi 24, nimeshamaliza. Walileta karatasi mpya ya makubaliano, nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye korido ya mahakama, ukurasa kwa ukurasa, mke wangu naye akaisoma, wakili wetu akafuta mistari minne kwa kalamu nyekundu na hawakubisha.

Mliokuja na noti zenu zileteni hapa mezani, kuna wakili mmoja amejitolea kukaa na sisi mpaka saa tatu, na mi nitatafsiri. Tutachukua kila mtu kwa zamu ila naomba mniwie radhi, yule mama aliyenipigia jana akaniambia sherifu alikuja kwake tarehe 2, mama karibu wewe kwanza hapa mbele, leta ile karatasi tuhesabu siku zilizobaki.